Mchango wa matibabu ya binti yetu umebaki. Utafiti wa saratani ya damu ya watoto, hapa kwetu upo?

mama_cherehani (Tanga) aliandika:

Habari zenu wakuu. Naomba mnisome mpaka mwisho, maana jambo lenyewe limeshagawa ukoo na Jumapili hii kamati inakaa kwangu.

Binti yangu wa pili ana miaka minane. Alipokuwa na mitano zilimwanza homa za kuja na kuondoka. Zahanati moja ikasema malaria, tukamaliza dozi. Nyingine ikasema taifodi, akachomwa sindano. Huku viganja vinapauka, usiku analia miguu, na mapajani zinatoka alama za bluu wakati hakuna aliyempiga. Mama mkwe akaanza kunitazama kwa jicho la pembeni, akidhani namchapa mtoto. Siku damu ya pua ilipokataa kukatika tukapanda bodaboda, mtoto katikati, mpaka hospitali ya mkoa. Daktari kijana akamfunua jicho, akamminya bandama, akaagiza kipimo cha picha kamili ya damu. Majibu yalipokuja hakukaa hata kwenye kiti. Aliandika rufaa ya Muhimbili palepale na kutuambia tuwahi basi la alfajiri.

Kule wakamtoa uboho kwenye mfupa wa nyonga, wakatuambia ni lukemia, yaani saratani ya damu, ile wanayoiandika ALL kwenye faili. Mimi nilijua saratani ni uvimbe. Nikamuuliza daktari, sasa mtakata wapi? Akanieleza kwamba kiwanda cha damu kilichomo ndani ya mifupa kimejaa seli changa zisizojua kazi, na zile za kazi zimekosa pa kukaa. Ndiyo maana anapauka, ndiyo maana anavuja damu, ndiyo maana homa haziishi.

Dawa za saratani hatukulipia, namshukuru Mungu na waliopanga hivyo. Lakini dawa ya bure haina nauli ya Tanga mpaka Dar, wala haiwapikii watoto wawili waliobaki nyumbani. Mimi ni fundi wa kushona. Msimu wa sare za shule cherehani ilikuwa imefunikwa shuka, wateja wakahamia kwa jirani. Kaka yangu ndiye aliyeanzisha grupu la mchango. Tulikuwa na kamati ya harusi ya mdogo wetu iliyokuwa haijavunjwa, basi mtunza hazina wa harusi akageuzwa kuwa mtunza hazina wa mgonjwa, na daftari ni lile lile. Ukilifungua unakuta "mapambo" na "keki" ukurasa wa kushoto, kulia "vocha ya mama mgonjwa" na "maziwa ya kopo". Msikiti wa mtaa walipitisha kapu baada ya swala ya Ijumaa. Wenzangu wa kikoba walitoa kwenye mfuko wa jamii. Mjomba yuko Muscat, alizungusha daftari kwa watu wa Tanga na Pemba wanaofanya kazi kule.

Tiba ni ndefu, asikudanganye mtu. Mwezi wa kwanza alikuwa kwenye dawa ya prednisoloni, mashavu yakawa kama maandazi, na saa nane usiku anaamka kudai wali na dagaa, tena dagaa wa kukaanga, siyo wa mchuzi. Usipompa anakurushia kikombe. Halafu dawa nyingine, vinkristini, ikamfanya aburuze mguu wa kulia, kandambili inamvuka kila hatua. Ile sindano ya mgongoni alikuwa anakunjwa kiubavu, magoti kifuani, nesi mmoja anamshika na kumwimbia. Tukarudishwa nyumbani na vidonge vya merkaptopurini vya kila usiku na kalenda ya kuweka alama, tukawa tunakwenda na kurudi. Siku chembe nyeupe za damu, zile za kinga, zikishuka hakuna mgeni kuingia ndani. Shangazi yangu alitoka Muheza na kikohozi chake nikampokelea mlangoni, kanuna mpaka leo.

Sasa kamaliza. Yuko darasa la pili, nywele zimerudi nyingi kuliko zangu, anaenda kuangaliwa kliniki tu. Alhamdulillah.

Ila wodini tulikuwa na majirani. Kitanda cha kushoto alikuwapo mvulana wa Lindi, ugonjwa huo huo, wiki hiyo hiyo, dawa hizo hizo. Baada ya ule mwezi wa kwanza alikuwa anacheza mpira koridoni. Mama yake akasema anarudi kuwaona wadogo zake na kuvuna, atarejea. Simu yake haijapatikana tena. Kitanda cha kulia alikuwapo msichana ambaye mama yake hakukosa hata tarehe moja, na ugonjwa ukarudi, tukamzika. Dawa hizo hizo. Hilo ndilo linanikosesha usingizi.

Sasa hela. Baada ya hesabu zote imebaki milioni mbili na laki tisa. Mjomba anasema iende kwenye utafiti, kwa kuwa wodi ikipewa sabuni leo, kesho sabuni imekwisha na ugonjwa upo. Mama mkwe anasema hiyo ni sadaka, ipelekwe wodini kwa wagonjwa, basi. Shemeji anataka kila mtu arudishiwe chake, na yeye mwenyewe alitoa elfu kumi. Mimi moyo uko kwa mjomba, ila sijui hata huo utafiti ni kitu gani hapa Tanzania. Upo? Au tutakuwa tunatuma kidogo chetu Marekani kwa watu wenye mabilioni? Pia vijana wa mtaani wanataka kila Septemba tufanye matembezi ya Chumbageni mpaka Raskazone kukusanya zaidi, kwa kuwa mwezi huo dunia nzima huvaa utepe wa dhahabu kwa ajili ya watoto wenye saratani. Waliopita njia hii nisaidieni.

mzee_wa_hoja aliandika:

Pole na hongera dada. Sasa mimi nakwambia ukweli: utafiti wa nchi hii ni semina. Milioni mbili na laki tisa zitakunywa chai na sambusa hotelini siku moja, jioni wamesaini posho. Wazungu wana maabara na mabilioni, waachie. Nunua mashuka, neti, sabuni ya unga, peleka kwa mkono wako mwenyewe na upige picha.

mizizi_ya_babu aliandika:

Dada saratani ya damu INATIBIKA kwa mizizi, hata hiyo hospitali wanatumia ua la porini wanaficha tu. Njoo inbox, dozi ya siku 40 haina kurudi.

nesi_zamu_ya_usiku aliandika:

Mizizi, mwenye uzi kauliza mambo ya michango, hajauliza dawa. Ila umeligusa la ua, ngoja nilimalize ili asipotee mtu.

Ni kweli. Vinkristini ile iliyomburuzisha mguu binti wa mama_cherehani inatoka kwenye kale kaua kenye petali tano, ka waridi au keupe, asili yake Madagaska. Tanga kamejaa kwenye nyua na kando ya makaburi. Hakuna aliyeficha, imeandikwa vitabuni tangu miaka ya 1960. Ila kupata gramu moja ya dawa wanachuja majani makavu kwa mamia ya kilo, na mtoto hupewa miligramu moja na kitu, kwa uzito na urefu wake. Majani hayohayo yana vitu vingine vinavyoshusha shinikizo la damu na kuua chembe za damu. Ukimchemshia mtoto sufuria ya majani hujui umempa nini. Nimewapokea watoto walioletwa baada ya "dozi ya siku 40". Sitaki kusimulia.

Sasa mama_cherehani. Nimefanya kazi wodi ya watoto wenye saratani miaka mingi, hospitali sitaitaja. Umeuliza kwa nini dawa hizo hizo zimetoa majibu matatu tofauti kwa vitanda vitatu. Hilo ndilo swali la utafiti lenyewe, na wewe umeliuliza vizuri kuliko wanafunzi wengi niliowahi kuwaongoza zamu.

Kwanza, ALL siyo ugonjwa mmoja. Kuna ya seli B na ya seli T, ambazo ni aina mbili za chembe nyeupe, na ndani yake kuna mafungu mengine kufuatana na kromosomu, zile nyuzi za urithi ndani ya seli, zilivyovunjika. Mtoto wa umri wa mwaka mmoja mpaka kumi, ambaye chembe nyeupe siku ya kwanza hazijafika 50,000, kwa kawaida ana nafasi nzuri kuliko mwenye miaka kumi na mitatu aliyeingia na laki tatu. Halafu kuna mwili wa mtoto mwenyewe. Merkaptopurini ile ya usiku, wapo watoto wanaoivunja polepole kwa sababu ya urithi wao, dozi ya kawaida inawaangusha chembe zote. Mwingine dozi hiyo hiyo haimgusi.

Na mvulana wa Lindi. Mwezi wa kwanza ukiisha vizuri, hadubini haioni tena seli mbaya. Mtoto anakula, anacheza, mzazi anasema kapona. Lakini zipo, zimejificha, nyingine kwenye maji ya uti wa mgongo, ndiyo maana ya ile sindano ya kukunjwa. Miaka miwili na zaidi ya vidonge ni kwa ajili ya hizo zilizojificha. Nimewaeleza wazazi hili nikiwa nimepiga magoti, wakaitikia, na wakaondoka. Siwalaumu. Mzazi ana watoto watano na shamba moja.

Mzee wa hoja, semina zipo, hatukatai. Ila Wazungu hawawezi kututafitia kila kitu. Kule mwezi wa kwanza wanaweza kumpiga mtoto dawa nne kali kwa sababu akipata homa usiku anawekewa antibayotiki ndani ya saa moja na chembe sahani za kugandisha damu zipo tayari hospitalini. Mtoto wetu anakuja kakonda, ana minyoo, damu ya kuongezewa tunaitafuta kwa ndugu. Ukimpa dawa nne zile zile unaweza kuua saratani na ukamuua naye kwa maambukizi. Ndiyo maana sehemu nyingi za nchi maskini wanaanza na dawa tatu. Sasa tatu zinatosha kwa nani, na nani ni lazima apate ya nne? Jibu la hilo haliwezi kutoka kwa mtoto wa London.

baba_wa_coventry aliandika:

Assalaam alaykum dada yangu wa Tanga. Mimi ni mtu wa Unguja, niko Uingereza zaidi ya miaka ishirini. Mwanangu wa kwanza alipatikana na ALL mwaka 2008 akiwa na miaka minne. Leo ni kijana wa ndevu, anafanya kazi, ananikopa.

Nataka kukwambia utafiti ulivyoingia nyumbani kwetu, kwa sababu mimi pia nilidhani ni watu wa makoti meupe kwenye chupa. Wiki ya kwanza daktari alituletea makaratasi: mtoto wenu tunaweza kumtibu ndani ya jaribio linaloitwa UKALL 2003. Mke wangu alisikia "jaribio" akasimama. Mwanangu si panya! Nesi akakaa nasi, akasema hakuna anayepewa dawa ya kubahatisha, swali lao ni dogo. Siku ya 29 wanapima uboho kwa kipimo kinachoweza kuona seli moja mbaya kati ya 10,000. Wale ambao hawana kitu, je, wanahitaji kweli kupewa mzunguko mmoja mkali wa dawa mara mbili, au mara moja inatosha? Kompyuta inachagua nani apate mara moja na nani mara mbili. Tulisaini. Mwanangu akaangukia mara moja.

Mwaka 2013 majibu yakachapishwa: kwa watoto wa aina hiyo hakuna tofauti ya maana, mara moja inatosha. Kwa hiyo watoto waliokuja baada yake hawakupewa tena mzunguko wa pili, ule wa kutapika na kulazwa. Mwanangu alichangia kupona kwa watu asiowajua, na yeye alipona kwa dozi zilizopimwa kwa watoto wengine kabla yake, wengi wao hawakukua.

Hela za mambo haya zilianzia wapi? Mwaka 1960 kule Middlesbrough, mji wa viwanda vya chuma, kina Eastwood walifiwa na binti yao Susan, miaka sita, kwa lukemia. Wakati ule karibu kila mtoto aliyepata alikufa. Wazazi, ndugu na jamaa wakaanza kuchangisha, na mfuko ule ukakua ukawa shirika la taifa, siku hizi linaitwa Blood Cancer UK. Watu wa kawaida tu, dada. Siku hizi Uingereza watoto tisa katika kumi wenye ALL wanapona.

Sisi wenyewe tulichangisha kwa njia zetu. Jumuiya ilipika pilau na sambusa ukumbini, tiketi pauni tano. Binamu yangu mwenye rasta alizinyoa kwa kudhaminiwa. Rasta za miaka kumi na moja, mama yake ndiye aliyelia. Mimi nilikimbia nusu marathoni na nikafika wa mwisho mwisho nyuma ya mtu aliyevaa vazi la ndizi. Ushauri wangu mmoja wa maana: hela ikitoka, itoke na barua. Uandike "kwa kazi hii tu", utaje kazi yenyewe, na waitie saini kuwa wamepokea kwa sharti hilo. Bila barua inaingia kwenye chungu kikubwa, inalipia umeme.

mama_cherehani aliandika:

Nesi, umenitoa machozi hapo kwenye watoto watano na shamba moja. Baba wa Coventry, nimemsomea mume wangu habari ya vazi la ndizi, ameomba picha.

Ila bado sijapata jibu langu. Hiyo kazi ninayotakiwa kuitaja kwenye barua, ni ipi? Milioni mbili na laki tisa haitoshi kununua hata mashine moja ya kupimia.

karani_eldoret aliandika:

Dadangu, hapo niachie mimi. Si daktari, mimi ni karani wa takwimu, huku kwetu Kenya. Kazi yangu miaka kadhaa imekuwa kuwatafuta watoto waliotoroka tiba ya saratani. Kutoroka ni neno la faili, mimi silipendi, lakini ndilo limeandikwa.

Unajua ni vigumu kusema tiba imefaulu kama hujui mtoto yuko wapi? Hospitali inakwambia wametibu watoto mia. Sawa. Baada ya miaka mitano wangapi wako hai? Kimya. Ndipo mimi naingia. Napiga nambari ya baba, imezimwa. Napiga ya shangazi, anasema wamehama. Nampigia chifu. Chifu ananiambia nimpigie mwenye duka karibu na kinu cha posho. Mwenye duka anasema, "Yule kijana? Huyu hapa ananunua sukari." Siku hiyo nafurahi mpaka naenda kunywa chai na mandazi mawili. Siku nyingine mwenye duka ananyamaza kidogo kabla ya kujibu, na unajua.

Hiyo ni utafiti. Inatumia kitabu, simu, salio na nauli ya matatu. Kutokana na kazi ya aina hiyo, madaktari wa Eldoret wamechapisha matokeo: watoto wengi hawakushindwa na dawa, wazazi wao ndio waliishiwa pesa wakaacha katikati, na wale waliokuwa na bima walibaki kwenye tiba zaidi kuliko wasio nayo. Usiponipa takwimu hiyo, serikali itaambiwa shida ni ukosefu wa mashine. Ukinipa, inaambiwa shida ni bima na nauli. Ni pesa tofauti kabisa.

Na huyo mzee wa hoja aliyesema tuwaachie Wazungu maabara. Mzee, unamjua Burkitt? Alikuwa daktari mpasuaji kutoka Ireland, akifanya kazi hospitali ya Mulago, Kampala. Mwaka 1958 aliandika kuhusu uvimbe wa taya za watoto wa huku. Mwaka 1961 akapanda gari na wenzake wawili, wakazunguka maili 10,000 hivi kutoka Uganda mpaka Afrika Kusini, wakiuliza kila hospitali: huku mnaiona hii? Hakuwa na maabara ya maana. Alikuwa na ramani na picha za watoto. Vipande vya uvimbe vilivyotumwa London kutoka Kampala ndivyo vilivyoonyesha, mwaka 1964, kirusi cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu. Na pale Kampala, kituo cha saratani kilichoanza mwaka 1967 kilikuwa kati ya waliothibitisha kwamba uvimbe wa watoto unaweza kutibika kwa dawa peke yake, bila kisu. Hayo yalitoka huku, kwa watoto wetu na mama zao waliokubali.

Malawi nao, Blantyre, walitibu uvimbe huohuo wa Burkitt kwa mpango mfupi wa dawa moja kubwa, gharama chini ya dola 50 kwa mtoto, na karibu nusu wakapona. Lukemia haitibiki kwa bei hiyo, nakubali. Lakini hawakupata jibu hilo kwa kukaa semina.

mzee_wa_hoja aliandika:

Karani nimekusoma. Burkitt namkubali. Semina siikubali, na sitaikubali. Dada akitoa hela ya salio na nauli za kuwatafuta watoto, mimi natia elfu hamsini yangu juu, ila nione daftari la simu zilizopigwa.

nesi_zamu_ya_usiku aliandika:

Hapo mzee umesema kitu cha maana leo.

Mama_cherehani, fanya hivi. Rudi wodini mlikotibiwa, usiende kwa mkurugenzi kwanza, nenda kwa yule mtu anayeshika orodha ya kliniki. Kila wodi yupo. Muulize watoto wangapi wa ALL hawajaonekana tarehe yao ikapita, na nani anawatafuta, kwa simu ya nani. Mara nyingi utaambiwa ni nesi kwa salio lake. Halafu kaa na daktari mhusika na ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali, muandike ile barua ya baba wa Coventry: fedha hizi ni za kuwatafuta, kuwarudisha kwa nauli, na kuandika kilichowapata wale wasioweza kurudi. Hiyo ya tatu ndiyo wengi wanaisahau, na bila hiyo itakuwa msaada tu, hamtajifunza kitu. Majina ya watoto yabaki kwenye faili la hospitali, nyie mpewe hesabu tu, siyo majina. Utafiti wa kweli hupita kwenye kamati ya maadili, usikasirike wakikwambia subiri kibali.

Na usiitoe yote kwa mkupuo. Toa ya miezi sita, uone hesabu, ndipo utoe nyingine. Matembezi ya Septemba yasianze bila kupita serikali ya mtaa na polisi, mtazuiwa Raskazone mkiwa na fulana zenu.

Mama mkwe naye mpe chake. Ana haki. Laki mbili ya sabuni na maziwa, apeleke mwenyewe, siku hiyo hiyo.

baba_wa_coventry aliandika:

Naunga mkono. Na mwambie mjomba wa Muscat kwamba tangu 2018 Shirika la Afya Duniani limeweka lengo: ifikapo 2030 angalau watoto 60 katika 100 wenye saratani wawe wanapona duniani kote. Katika nchi nyingi maskini bado hawafiki 30. Mvulana wa Lindi yuko ndani ya hesabu hiyo, ila hakuna anayejua upande gani.

mama_cherehani aliandika:

Nimerudi. Jumapili kamati ilikaa mpaka adhana ya magharibi. Mjomba alikuwa kwenye simu, tumeiegemeza kwenye birika ili atuone wote. Nilisoma majibu yenu kwa sauti, ya karani nikayarudia mara mbili kwa sababu mama mkwe alitaka kusikia tena habari ya mwenye duka. Kisha akauliza: "Sasa huyu wa Lindi, ataanzwa yeye?" Nikasema sijui kama inaruhusiwa kuchagua. Akasema basi kaulize.

Shemeji amepewa elfu kumi yake taslimu mbele ya watu. Ameikunja, ameitia mfukoni, na baada ya chai ameirudisha mezani bila kusema neno. Tumeiandika.

Alhamisi naondoka na basi la asubuhi, nina miadi na dada wa orodha ya kliniki. Nimempigia, akacheka, kasema simu yenyewe kweli ni ya kwake na kioo kimepasuka. Swali langu la mwisho: mtunza hazina anataka kujua risiti iandikwe jina la nani. La binti? Mume wangu hataki jina la mtoto lisambae.

nesi_zamu_ya_usiku aliandika:

Jina la mtoto hapana, baba yake yuko sahihi. Andikeni "Familia na majirani, Chumbageni". Nakala moja kwenye daftari la harusi, nyingine kwenye grupu, na muulize dada huyo simu yake inatumia laini gani kabla hujanunua salio.